Baraza la Wasomaji: Wanazuoni wa siasa za mashoga na wasagaji wanachunguza nini?

Toleo lililopita niligusia kwa aya mbili tu kazi za Profesa Sylvia Tamale, msomi wa sheria wa Makerere, juu ya sheria na mapenzi ya jinsia moja, na barua zikamiminika. Nimechukua nne. Ya kwanza nitakaa nayo kuliko zote, maana kijana ameuliza kwa moyo safi jambo ambalo watu wazima wengi hulizunguka.

SWALI
Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya siasa hapa Kampala, kwetu ni Arua. Msimamizi wangu amenipa makala ya mtafiti wa Ulaya ambaye uwanja wake, kwa maelezo yaliyo chini ya jina lake, ni "siasa na nadharia ya mashoga na wasagaji". Nimeisoma yote na bado sijui kama hii ni elimu au ni kampeni. Wanachunguza nini? Na mtu aliyeko Uganda leo anaweza kuandika tasnifu juu ya jambo hili asijitie matatani?
Mwanafunzi wa Arua

JIBU
Marahaba, mwanangu. Ni elimu, na ina umri mkubwa kuliko wako na wangu. Swali lake ni lile lile ulilofundishwa mwaka wa kwanza: nani ana mamlaka juu ya nani, na ameyapata wapi. Mtafiti wa uwanja huu anataka kujua nani aliwapa serikali, kanisa, daktari na mhariri wa gazeti uwezo wa kumtangaza mtu kuwa wa namna fulani. Mtu huyo akishatangazwa anapoteza nini, iwe kazi, chumba cha kupanga, urithi au matibabu. Na anajikusanya vipi na wenzake kujitetea. Chumba cha kulala utakikuta kwa nadra. Bunge, mahakama na polisi utavikuta kila ukurasa.

Daktari Mjerumani, Magnus Hirschfeld, alifungua taasisi ya utafiti wa mambo haya Berlin mwaka 1919. Mei 1933 wafuasi wa Hitler, wanafunzi wa vyuo wakiwemo, waliivamia, na tarehe 10 mwezi huo vitabu vyake vikachomwa hadharani. Ilichukua muda mrefu elimu hiyo kuinuka tena. Mwaka 1968 mwanasosholojia wa Uingereza, Mary McIntosh, aliandika makala iliyogeuza swali lenyewe. Watu walikuwa wakiuliza mtu anakuwaje hivi. Yeye akauliza kwa nini jamii fulani zimemtengea mtu wa namna hii nafasi yake na jina lake, na nyingine hazikufanya hivyo. Miaka minane baadaye Mfaransa Michel Foucault akasema kwamba sheria za zamani za Ulaya ziliadhibu tendo, na kwamba ni karne ya 19 ndipo madaktari na majaji walipoanza kumzungumzia mtu wa aina maalumu, mwenye maumbile yake na tabia zake. Wanahistoria wamembishia sana tarehe zake, na nadhani wana haki, lakini swali lake lipo palepale.

Mwaka 1990 ndio ulioleta ile lugha ngumu iliyokutoa jasho. Judith Butler na Eve Kosofsky Sedgwick walitoa vitabu vyao mwaka huo, na Teresa de Lauretis akaitisha mkutano California aliouita wa nadharia ya kwia (queer kwa Kiingereza). Nahisi makala yako imetoka kwenye ukoo huo. Ukiyavua maneno mazito, wanasema anayetaka kuwaelewa waliowekwa pembeni aanze kwa kuchunguza kile kinachoitwa kawaida: nani anakilinda, kwa nguvu kiasi gani, na kwa nini kinahitaji ulinzi mwingi hivyo ikiwa kweli ni cha kimaumbile.

Kwangu mimi, anayemfaa zaidi mwanafunzi wa Uganda ni mwanahistoria wa Marekani, John D'Emilio, na makala yake ya 1983. Hoja yake ni ya uchumi. Matendo haya yamekuwepo siku zote, asema, lakini maisha yaliyojengwa juu yake yaliwezekana pale mshahara ulipomwezesha mtu kula na kulala bila kutegemea shamba la familia. Walipokuwa wakulima, kila mkono ulihitajika nyumbani na watoto walikuwa ndio nguvu kazi. Viwanda na miji vikampa mtu chumba chake, na humo akakutana na wenzake.

Sasa ilete hoja hiyo nyumbani. Kijana anayetoka Arua kwa basi la usiku na kupanga muzigo, yaani chumba kimoja, Kawempe yuko mbali na macho ya ukoo, lakini je, ametoka mikononi mwake? Karo ya mdogo wake, kiwanja atakachojenga, mahari atakayochangiwa, hata mahali atakapozikwa, vyote viko kwa baba wadogo na wajomba. Kibarua cha mjini hakimpi hivyo. Mwanamke ndiye aliyebanwa zaidi, maana ardhi anaipata kupitia mume au kupitia watoto wa kiume, na mwanamke asiyeolewa hana pa kusimama hata kama hajampenda mtu yeyote. Kwa hiyo siasa ya kujitangaza, iliyokulia New York na San Francisco, inapofika hapa inakuta uchumi mwingine kabisa. Atakayenyamaza si lazima awe mwoga au mnafiki; huenda amepiga hesabu zake vizuri. Hapo pana tasnifu, na wewe unaijua ardhi na mahari ya West Nile kuliko mtafiti yeyote wa Ulaya.

Jambo lingine nataka ulione ni UKIMWI. Machi 1987, New York, watu waliokuwa wakifa pamoja na rafiki zao waliunda kundi la ACT UP. Walizuia barabara, wakaingia kwenye mikutano ya wanasayansi, wakadai dawa zijaribiwe haraka. Mwaka huohuo, Kampala, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe Christopher mwezi Januari, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, pamoja na wenzake. Kaka yangu alifikiwa na watu wa TASO. Tuliita silimu wakati ule, na majirani walimtengea kikombe chake peke yake. Washauri waliokuja nyumbani, wengine wakiwa na virusi wenyewe, walikaa mkekani wakanywa chai naye kutoka birika moja, mama yangu akiwatazama asiamini macho yake. Vitabu vingi vya Marekani vya miaka ya 1990 juu ya aibu, maradhi na siasa vilianzia kwa watu waliokataa kusemewa na wengine. Na sisi tulikuwa nao watu hao, wake kwa waume, wenye ndoa na watoto. Nakuambia hivi kwa sababu makala nyingi za nje huiandika Uganda kama nchi ambayo siasa ya mwili ililetewa kwa ndege. Mimi niliiona sebuleni kwetu.

Na sasa Profesa Tamale. Mwaka 2003 alitaka mashoga wahesabiwe miongoni mwa wanaobaguliwa katika mswada wa Tume ya Fursa Sawa. Kelele zilizofuata zilifika mahali pa kumpa jina la mwanamke mbaya kuliko wote wa mwaka ule. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa Kitivo cha Sheria Makerere, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Novemba 2009, mswada wa Mbunge David Bahati wa kupinga mapenzi ya jinsia moja ukiwa na mwezi mmoja tu tangu uingie Bungeni, Tamale alisimama Makerere mbele ya hadhara akauchambua kifungu kwa kifungu, akaonyesha ungemgusa nani: mzazi, daktari, mwalimu, padri, mwenye nyumba.

Lakini ukimsoma kwa hayo tu hujamsoma. Aliandika pia juu ya ssenga, shangazi wa Kiganda anayemfunda binti mambo ya ndoa. Ungetazamia mtetezi wa wanawake amlaani ssenga. Tamale akaona pande mbili kwa pamoja: mafundisho yanayomtaka mke amtii mume, na humo humo ujuzi ambao wanawake wameutumia kujipatia nafasi, fedha na sauti ndani ya nyumba. African Sexualities, kitabu alichokihariri mwaka 2011, kimesimama juu ya mtazamo huo. Wamo wasomi, wanaharakati na washairi, na mapenzi ya jinsia moja ni sehemu moja tu ya mazungumzo marefu kuhusu mwili, dini, uanaume, afya na namna ya kufundisha mambo haya. Anachonifundisha ni kwamba mkono unaomfuata shoga ndio ule ule unaompimia msichana urefu wa sketi. Ukitaka ushahidi, itazame Februari 2014. Ndani ya mwezi mmoja Rais alitia saini sheria mbili, ya kupinga ponografia na ya kupinga mapenzi ya jinsia moja, na wiki zilezile wanawake walivuliwa nguo barabarani na makundi ya wanaume waliosema sheria ya sketi fupi imepita. Sheria yenyewe haikutaja sketi fupi. Makundi hayakuhitaji kuisoma.

Kuhusu sheria hizi, kuna hoja utakayoikuta kila mahali: kwamba mkoloni ndiye aliyezileta. Ni kweli kwa mwanzo wake. Kifungu kilichokuwa cha 145 cha Kanuni ya Adhabu, kinachozungumzia tendo "kinyume cha maumbile", ni cha ukoo mmoja na kifungu cha 377 ambacho Waingereza walikiandikia India mwaka 1860, na kanuni yetu ni ya 1950. Wao walianza kulegeza sheria yao nyumbani mwaka 1967, sisi tukiwa na uhuru wa miaka mitano. Hoja hii imenenwa sana na wasomi ninaowaheshimu, nami naona imechoka. Mwaka 2000 Bunge letu lilibadili maneno ili wanawake nao waingie kwenye kosa. Mwaka 2005 tuliongeza katika Ibara ya 31 ya Katiba marufuku ya ndoa za jinsia moja. Sheria ya 2014 tuliiandika wenyewe, na Mahakama ya Katiba ikaibatilisha tarehe 1 Agosti mwaka huohuo kwa sababu ilipitishwa bila akidi. Sheria ya 2023 tuliiandika wenyewe pia: kifungo cha maisha, adhabu ya kifo kwa kosa lililopewa jina la "kukithiri", na hadi miaka 20 kwa "uenezaji". Siku ya Machi ilipopitishwa, wabunge wawili tu walisimama kuipinga, Fox Odoi-Oywelowo na Paul Kwizera Bucyana. Gavana wa Kiingereza hakuwepo ukumbini. Mtafiti anayeishia mwaka 1950 anatuondolea wajibu wetu.

Tasnifu yako inawezekana. Ibara ya 29 ya Katiba inataja uhuru wa kitaaluma vyuoni, lakini "uenezaji" ni neno pana na hakuna ajuaye litanyooshwa hadi wapi. Kwa hiyo fanyia kazi maandishi. Chukua taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge za tarehe 20 Desemba 2013 na 21 Machi 2023, uzilinganishe. Desemba ile Waziri Mkuu Amama Mbabazi alisimama kusema akidi haikutimia, Spika akaendelea, na ni hapo hapo sheria ilipovunjikia mahakamani. Soma hukumu ya Mahakama Kuu ya 2008, Victor Mukasa na Yvonne Oyo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ambamo Jaji Stella Arach-Amoko alisema haki ya mtu nyumbani kwake ni yake vyovyote alivyo. Soma ya 2014, na ile ya Mahakama ya Katiba ya tarehe 3 Aprili 2024 juu ya sheria ya 2023. Mzigo huo unatosha shahada nzima, na wote uko wazi kwa umma. Mweleze msimamizi wako mapema, upite kamati ya maadili ya utafiti, na upate kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kabla hujaandika mstari.

Usihoji watu. Najua Stella Nyanzi aliwahoji, na makala yake ya 2013 imejaa sauti za watu wa Uganda, wenyewe wakijiita kuchu, wanaosali na kushiriki mila za kwao na wasiokubali kuambiwa si Waafrika. Ni kazi ya ujasiri na isomwe. Lakini yeye alikuwa mtafiti mkomavu, na sheria ya 2023 haikuwa imeandikwa. Simu ya mwanafunzi huibiwa kwenye teksi, tarakilishi huachwa kwa fundi. Oktoba 2010 gazeti moja dogo la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu, likiandika wanyongwe. Watatu walilishtaki wakashinda katika Mahakama Kuu. Mmoja wao, David Kato, mwalimu, aliuawa nyumbani kwake Mukono tarehe 26 Januari 2011, wiki chache baada ya hukumu. Mtu mmoja alifungwa miaka 30 kwa mauaji hayo, na ugomvi juu ya sababu haujaisha. Mimi najua tu kwamba orodha ya majina ikishatoka mikononi mwako, huwezi kuirudisha.

SWALI
Mwalimu, wewe unawatetea maprofesa. Sisi huku mpakani tunajua fedha hizi zinatoka kwa wazungu. Mbona husemi?
Mstaafu wa jeshi, Busia

JIBU
Afande, heshima yako. Nasema, na nasema kwa pande zote mbili, maana wazungu walituma fedha pande zote mbili.

Aliyelichunguza jambo hili vizuri ni kasisi wa Kianglikana kutoka Zambia, Kapya Kaoma. Machi 2009 alikuwepo Kampala kwenye semina ambapo Wamarekani watatu, Scott Lively akiwa mmoja wao, waliwahutubia wachungaji, walimu, polisi na wanasiasa wetu juu ya kile walichokiita hatari ya mashoga. Oktoba mwaka uleule mswada wa Bahati ukaingia Bungeni. Kaoma aliandika ripoti akaonyesha jinsi vita vya kisiasa vya Marekani vinavyopiganwa kupitia makanisa ya Afrika. Sexual Minorities Uganda, shirika la kutetea mashoga na wasagaji, lilimshtaki Lively huko Massachusetts mwaka 2012. Mwaka 2017 jaji alilitupa shauri kwa kuwa mahakama yake haikuwa na mamlaka juu ya mambo yaliyotendeka nje ya Marekani, ingawa alimwandikia Lively maneno makali sana.

Upande wa pili, kuna Joseph Massad wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyezaliwa Jordan. Kitabu chake cha 2007 kinayashutumu mashirika ya Magharibi kwa kupeleka kwa Waarabu namna yao ya kugawa watu, na kwa kufanya hivyo kuwaanika watu waliokuwa wakiishi kwao kimya kimya. Naona amevuka mpaka anapoandika kana kwamba wenyeji hawawezi kuwa na matakwa yao wenyewe. Lakini juu ya wafadhili ana jambo la kweli, na Uganda tumelionja. Februari 2014 Benki ya Dunia iliahirisha mkopo wetu wa dola milioni 90 kwa sababu ya sheria ile. Mkopo ulikuwa wa huduma za afya! Nani alilipa gharama hiyo kama si mama mjamzito wa kijijini? Wanaharakati wa Afrika walikuwa wameshaonya mapema: Oktoba 2011, David Cameron, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati ule, alipotishia kupunguza misaada, wengi wao walitia saini tamko la kumpinga, wakasema vitisho vya aina hiyo huwarudia watu wale wale wanaodaiwa kulindwa.

Swali la fedha ni halali kabisa, Afande. Naomba tu ukiwauliza maprofesa, uwaulize na wahubiri.

SWALI
Salaam katika Bwana. Nimesikia redioni kwamba kuna wasomi wanaoandika kuwa habari ya Mashahidi wa Uganda ni habari ya mambo haya. Je, si kufuru?
Katekista, Kasese

JIBU
Katekista, salaam. Wasomi hawakuizua. Imo katika barua na vitabu vya wamisionari wa wakati ule, walioandika kwamba vijana wa ikulu waliobatizwa walikataa matakwa ya Kabaka Mwanga, na hata katika mafundisho ya leo wengi hulitaja. Wanahistoria wa baadaye wameongeza mengine. Mwanga alipokea kiti mwaka 1884 akiwa kijana sana. Wajerumani walikuwa wanajitwalia nchi za pwani. Oktoba 1885 aliamuru Askofu James Hannington auawe Busoga kwa kuwa aliingia kwa njia ya mashariki iliyoogopwa, na Novemba Joseph Mukasa Balikuddembe akauawa baada ya kumkemea kwa hilo. Alipoona vijana wake mwenyewe wanamtii bwana mwingine, aliona utawala unamtoka. Tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo. Imani yao haipungui kwa kujua hofu ya aliyewaua.

Rahul Rao, msomi wa siasa, katika kitabu chake cha 2020, amelitazama jambo hili kwa namna nyingine iliyonigusa. Anafuatilia jinsi kumbukumbu ya Mwanga inavyotumiwa sasa. Kanisani anatajwa kuonyesha kwamba taifa lilizaliwa kwa kuukataa ushoga. Baadhi ya watetezi wanamtaja kuonyesha kwamba ushoga ulikuwepo kabla ya mzungu. Mimi nasema hawa wa pili wachague shahidi mwingine. Amri ya mfalme kwa watumishi vijana wasioweza kukataa haifanani na mapenzi ya watu wazima wawili waliokubaliana, na ukizichanganya unawapa silaha wale wale wanaodai kwamba mashoga ni wanyanyasaji. Yapo mengi ya Afrika yasiyo na aibu hiyo. Marc Epprecht, kwa mfano, aliyeandika historia ya kusini mwa Afrika, amefukua hukumu za mahakama za zamani na habari za wachimba migodi.

SWALI
Mwalimu, as-salamu alaykum. Binti yangu yuko chuoni mwaka wa pili, anasomea ustawi wa jamii. Nilipokuwa namfulia nguo nikakuta kwenye begi makaratasi ya Kiingereza kuhusu wasagaji. Jirani anayejua kusoma ameniambia hizo ni karatasi za kuwaingiza watoto, na kwamba nisipompeleka polisi nitafungwa mimi. Silali.
Mama wa Bombo

JIBU
Wa alaykumu s-salaam, mama mwenzangu. Usimpeleke popote. Sheria ya 2023 kweli ilikuwa na kifungu kilichomlazimu kila mtu kwenda kutoa taarifa. Mahakama ya Katiba ilikifuta tarehe 3 Aprili 2024, pamoja na vile vilivyowatisha wenye nyumba za kupangisha. Sehemu kubwa ya sheria ilibaki, na inaniumiza kusema hivyo, lakini kifungu anachokutishia jirani hakipo tena.

Makaratasi uliyokuta, kwa vichwa ulivyoninakilia, ni ya darasani. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii atakutana na watu wa kila namna: mjane aliyenyang'anywa kiwanja, mtoto aliyetupwa, kijana aliyefukuzwa nyumbani kwa kushukiwa. Lazima awe amesoma kabla hajakutana nao. Hakuna mtu anayegeuka kwa kusoma makala. Mimi nimezisoma hizi tangu ujana na nimezeeka na mume wangu.

Hukuniuliza jambo la pili, ila nimelisikia katika barua yako. Ikiwa siku moja atakuambia kwamba si somo tu, ni yeye mwenyewe, basi atakuwa amekuamini kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Usimjibu siku hiyo hiyo. Mpe chakula, mwache alale, na usimwambie shangazi wala imamu kabla hujamuuliza yeye anataka nani ajue. Vijana waliofukuzwa nyumbani niliokutana nao katika miaka yangu ya kufundisha walipata shida zao kubwa barabarani, baada ya mlango kufungwa.

Kwa sasa rudisha makaratasi begini na umwambie uliyaona, asije akadhani umempekua. Muulize ni ya somo gani, na akikusomea ukurasa mmoja kwa Kiswahili msikilize mpaka mwisho. Jirani naye mwambie hukumu ya Aprili 2024 ni ya wazi. Akiitaka, aniandikie kupitia gazeti hili, nitampelekea kurasa zinazohusu kifungu hicho.